Tuimbe au Tusali

Simu iliita muda mrefu. Cyprien Batlle alipopokea, alisema neno moja tu: "Siji."

"Sijakuuliza kitu bado," alijibu Galdric.

"Utaniuliza nini kingine wiki hii? Hali ya hewa? Siji, Galdric. Tafuteni bega lingine."

Galdric Ferriol alikuwa amesimama chini ya Castillet, lango la matofali mekundu, akiwasubiri wageni. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza watu katika vichochoro vya mji wa kale wa Perpignan na kuwasimulia kila jiwe na kila mlango. Lakini katika Juma Kuu alikuwa na kazi nyingine isiyo na malipo, aliyoirithi kwa baba yake kama wengine wanavyorithi shamba la mizabibu. Ijumaa Kuu alikuwa mmoja wa watu wanane waliombeba Bwana Aliyefungwa, sanamu ya Kristo mwenye kamba mikononi, akiwa juu ya machela ya mti mzito. Ndugu wa Damu Azizi, chama cha kale cha waumini, hutoka na sanamu zao katika kanisa la Mtakatifu Yakobo na kuzunguka mji kwa sauti ya ngoma zilizofunikwa kitambaa cheusi. Zamani udugu huo uliwasindikiza waliohukumiwa kifo. Mhukumiwa na ndugu walivaa kanzu moja na kofia ndefu ya namna moja, yenye ncha juu na matundu mawili ya macho, ili watu wenye hasira wasijue wampige mawe nani. Wahukumiwa hawapo tena. Kofia zimebaki.

"Ukishavaa kofia, nani atajua ni wewe?" Galdric alimwambia rafiki yake. "Chini ya kofia hakuna aliyeuza nyumba wala ambaye hakuuza."

"Hayo ndiyo unawauzia wageni?"

"Ndiyo. Lakini ni kweli pia."

Galdric aliweza kusikia lifti ikifunguka na kufungwa huko aliko, kwenye jengo jipya karibu na stesheni ya treni alikohamia.

"Basi niwekeni nyuma," alisema hatimaye. "Nyuma kabisa. Sitaki kuutazama ule mlango."

Mlango aliousema ulikuwa wa nyumba ya bibi yake, katika mtaa wa Wafinyanzi. Ilikuwa nyumba ya mawe ya mtoni na matofali membamba, yenye upinde wa marumaru juu ya kizingiti. Galdric aliwasimamisha wageni mbele yake kwa miaka mingi, na bibi alipokuwa hai alitoka na sahani ya bunyetes, maandazi mapana ya Pasaka yenye sukari juu, akawagawia hata wasioyataka. Msimu wa mavuno ya zabibu uliopita Cyprien aliiuza. Sasa ubavuni mwa mlango kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye namba za kubonyeza, ndani yake ufunguo, na watu wa siku mbili tatu waliingia na kutoka wakiburuta masanduku ya magurudumu. Mtaa haukumsamehe. Nyumba nyingine za parokia zilikuwa zikianguka zenyewe, zimeegemezwa magogo ili zisimwangukie mpita njia, na yeye aliyekuwa na nyumba iliyosimama imara akawapa watu wa masanduku. Sokoni walisema Cyprien ameuza mifupa ya bibi yake.

Ni Galdric peke yake aliyejua sababu. Cyprien alimwambia mwezi wa Januari, jikoni, Neus mke wa Galdric akiwa ameenda kwa dada yake. Kwamba Rafel, mtoto pekee wa Cyprien, alikuwa akiuza unga wa kulevya katika chumba cha chini cha nyumba ile, mtaa uliliona hilo siku polisi walipokuja. Lakini mtaa haukujua nani aliwaita.

"Niliwaita mimi," Cyprien alisema, macho yake kwenye glasi ya divai tamu ambayo hakuigusa. "Watoto walikuwa wanapanga foleni pale mlangoni, Galdric. Watoto wa shule, na mabegi mgongoni. Nikapiga simu, nikataja jina langu. Tangu hapo siwezi kukivuka kile kizingiti. Mguu unakataa."

"Rafel anajua?"

"Asijue! Kila Jumamosi naenda kumwona gerezani, ananikumbatia. Akijua, hatatoka tena kuniona. Kukumbatiwa kule ndiko kulikobaki. Niapie."

Galdric aliapa. Yeye ndiye aliyemshika Rafel kwenye kisima cha ubatizo. Hakuwa na mtoto mwingine wa kumwita mwanangu. Alikwenda gerezani mara moja, wakati wa Noeli. Hakujua la kusema, akamsimulia kijana historia ya udugu mpaka muda ukaisha. Hakurudi.

*

Ijumaa Kuu kundi la wageni lilimchelewesha. Bwana mmoja alitaka kujua kila kitu kuhusu wafalme wa Mayorka, na Galdric hakuwahi kujua namna ya kuacha kumjibu mtu. Alipofika kanisani ngoma zilikuwa zimeanza kulia. Alivaa kanzu nyeusi na kofia huku akikimbia, akatia mikono yake glavu, akachukua fimbo yake yenye panda, akaingia mahali pake: mbele, kushoto.

Kulia kwake alisimama ndugu mwingine, tayari amefunikwa. Mahali pale palikuwa pa Firmin, muuza dawa. Kwa miaka yote walibeba wakiwa bega kwa bega, na Firmin, ingawa kanuni inasema midomo ifungwe mara kofia inapovaliwa, alikuwa akinong'ona kutoka mlango wa kanisa mpaka mlango wa kanisa. Zamani ungeweza kumtambua ndugu kwa viatu vyake. Mwaka huo udugu ulikuwa umegawa viatu vya kamba vyeusi, vya aina moja kwa wote.

"Nimechelewa, ee?" Galdric alinong'ona.

Jirani yake hakujibu. Msimamizi akagonga mti, wakainua.

Mbele kabisa alitembea kiongozi mwenye kanzu nyekundu akitikisa kengele ya chuma. Tramontana, upepo wa kaskazini, ulivuma kwenye kona na kuzichezesha ncha za kofia. Pande zote mbili watu walijaa, wazee wakijipiga ishara ya msalaba, wageni wakiinua simu zao. Galdric alisali rozari moyoni kama alivyofundishwa, hatua na Salamu Maria, na kwa muda fulani alisali kweli.

Kisha wakaingia mtaa wa Wafinyanzi, na msafara ukasimama.

Hilo ni jambo la kawaida. Machela za mbele zikikwama, za nyuma husubiri, na wabebaji huegemeza mti juu ya panda za fimbo ili mabega yapumzike. Lakini Bwana Aliyefungwa alisimama sawasawa mbele ya ule upinde wa marumaru. Dirisha la juu, lililokuwa la chumba cha bibi, lilikuwa wazi. Vijana wawili na msichana walikuwa wameegemea ukingo, glasi za divai mkononi. Mmoja alimnyooshea Kristo glasi kama anayemtakia afya, wenzake wakacheka.

"Ona zawadi aliyotupa Cyprien," ilinong'ona sauti ya Blaise Torrent nyuma ya Galdric. Blaise aliuza samaki sokoni na alibeba mstari wa pili. "Ameokota hela zake, ametuachia walevi juu ya kichwa cha Bwana. Yuko wapi leo, yule muuza bibi?"

Mtu mwingine alikohoa kicheko ndani ya kofia.

Galdric aliona uchungu. Tuseme ukweli wake wote: uchungu huo mwanzoni ulikuwa kwa ajili ya rafiki yake. Alitaka kumtetea. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kujua asichojua mwingine, na kuona macho ya wasikilizaji yakifunguka. Alimwinamia jirani wa kulia.

"Firmin, wanaropoka tu. Unajua kwa nini aliuza? Si hela. Ni yeye aliyempigia polisi mwanawe. Cyprien mwenyewe, kwa kinywa chake."

Yule mtu hakutikisika. Galdric aliuchukua ukimya ule kama mshangao, na mshangao humpa msimulizi nguvu.

"Ndiyo maana hawezi kuvuka mlango huu. Na mtoto hajui! Kila Jumamosi anamkumbatia baba, hajui anamkumbatia nani." Akavuta pumzi chini ya kitambaa chenye joto. Angeweza kuishia hapo. "Mimi nisingeweza, Firmin. Damu yako uitoe kwa simu, kama mtu anayeagiza piza? Hapana. Mimi nisingeweza."

Msimamizi akagonga mti. Walipoinua, Galdric alihisi uzito wote ukimlalia, kana kwamba upande wa kulia umelegea. Halafu bega la jirani likapanda taratibu, machela ikanyooka. Waliendelea hivyo mpaka mwisho, na jirani hakusema hata neno. Galdric akafikiri kwamba mwaka huu Firmin ameshikwa na uchaji, na akaona haya kidogo kwamba yeye ndiye aliyempotosha.

Sakristia ilikuwa na harufu ya nta na jasho. Watu walivua kofia, wakafuta nyuso, wakaulizana kuhusu migongo. Firmin muuza dawa alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na kabati, goti lake limefungwa bandeji, amevaa nguo zake za kawaida.

"Galdric! Limenisaliti asubuhi kwenye ngazi za kanisa," alisema akilipapasa goti. "Ilibidi wahamishe watu. Mlitembea vizuri lakini, nimewaona."

Galdric aligeuka kulia.

Cyprien Batlle alikuwa anaikunja kofia yake. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimelowa na kushikamana na paji. Aliikunja kofia mara mbili kama mtu anayekunja kitambaa cha meza, akaiweka juu ya kanzu, akalainisha mikunjo kwa kiganja. Kisha akamkabidhi Galdric fimbo yenye panda.

"Rudisha na hii," alisema.

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Galdric alibaki na fimbo mbili mikononi. Watu walimpita, wakampiga mgongoni, mmoja akamuuliza kama anaumwa. Alitamani kuivaa tena ile kofia.

*

"Ulimwambia nani?" Neus aliuliza.

Walikuwa mezani. Samaki wakavu wa chumvi na viazi vilikuwa vimepoa kwenye sahani ya mumewe.

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Cyprien. Nilimsengenya Cyprien kwa Cyprien."

Neus akacheka kabla hajajizuia, halafu akauona uso wa mumewe na kicheko kikamfia mdomoni. Akaweka uma chini.

"Na hilo la polisi, mimi nimelala kitanda kimoja na wewe tangu Januari, hukuniambia."

"Niliapa."

"Uliapa, ukanificha mimi mkeo. Halafu ukalitoa barabarani, kwa Firmin! Galdric, afadhali ungemwambia muuza magazeti." Akasogeza sahani kando. "Nani mwingine alisikia?"

Hapo ndipo Galdric alipomkumbuka Blaise. Mpwa wa Blaise alikuwa gerezani humo humo, na Blaise alizungumza naye kwa simu kila wiki.

Alimpigia Cyprien. Simu haikupokelewa. Alipiga tena asubuhi ya Jumamosi, ilikuwa imezimwa.

Alikwenda sokoni kabla ya kunywa kahawa. Uwanja ulikuwa umejaa kama kila mkesha wa Pasaka. Wanawake wa Kijipsi walichagua mbogamboga kwa sauti kubwa, Waarabu walipanga mnanaa na mizeituni, na foleni ya samaki ilizunguka meza. Blaise alimwona kwa mbali akainua kisu.

"Mpisheni mhubiri! Jamani, huyu bwana ana mahubiri matamu, tatizo anayatoa akiwa amejifunika." Akapunguza sauti, lakini sauti ya Blaise ikipungua bado inafika ng'ambo ya uwanja. "Eti, ni kweli? Cyprien ndiye aliyemchoma mwanawe kwa polisi?"

Mwanamke aliyekuwa anaelekeza kidole kwenye dagaa alikirudisha kidole.

"Sijui unasema nini," Galdric alisema.

"Hujui? Nilikuwa nyuma ya kisogo chako, bwana! Piza, ulisema. Nilikaribia kuachia mti."

Galdric alitazama samaki waliopangwa juu ya barafu, kila mmoja na jicho lake moja juu. Aliwaza: nikikubali, jioni hii Rafel atasikia kwa mpwa wa Blaise. Akavuta pumzi.

"Nilizua," alisema.

"Nini?"

"Nilizua. Hakuna kitu kama hicho. Nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya nyumba, nikazua uongo. Cyprien hakumpigia mtu simu."

Blaise aliweka kisu chini. Mzaha ulimtoka usoni, na bila mzaha uso wake ulionekana wa mtu mwingine.

"Ulizua. Ijumaa Kuu, umembeba Bwana begani?"

"Ndiyo."

"Kuhusu mtoto uliyemsimamia ubatizo?"

"Ndiyo, Blaise."

"Basi wewe ni mbaya kuliko nilivyofikiri," Blaise alisema, na hakusema kwa kelele. "Mimi naropoka, kila mtu anajua naropoka. Lakini wewe! Ondoka mbele ya meza yangu, watu wanataka kununua."

Mwanamke wa dagaa alisogeza kikapu chake, kisimguse.

Galdric alitembea mpaka kanisani. Kwa kiasi fulani alikuwa amefarijika: aibu ameibeba yeye, siri imerudi ndani. Bwana Aliyefungwa alikuwa amekwisha kurudishwa kwenye altare yake ya pembeni. Galdric alipiga magoti akaanza Baba Yetu, akafika penye kuomba kusamehewa, akasimama hapo. Alikuwa amemsengenya ndugu kwa jambo la kweli, na sasa ameligeuza kuwa uongo mbele ya watu, na hakujua aombe msamaha wa lipi kwanza. Alianza tena tangu mwanzo. Kila alipofika pale pale, maneno yalimkatikia. Akaondoka bila kumaliza.

*

Jumapili ya Pasaka, baada ya Misa, waimbaji wa parokia hutembea nyumba kwa nyumba na kuimba furaha za Bikira Maria. Wenye nyumba huwapa mayai na soseji, na Jumatatu vyote hugeuzwa kimanda kikubwa kinacholiwa shambani na kila aliyekuja. Mlangoni, kabla ya wimbo, mmoja wao huuliza: "Tuimbe au tusali?" Penye furaha hujibiwa: imbeni. Penye msiba hujibiwa: salini, na waimbaji huvua kofia zao nyekundu za sufu na kumwombea marehemu wa nyumba ile.

Aliyeuliza miaka yote alikuwa Galdric, kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri. Siku hiyo alitaka kubaki nyumbani, lakini Neus alimwekea kofia kichwani.

"Ukijificha leo, utajificha mpaka lini?"

Alikwenda. Waimbaji walimsalimu kwa kichwa tu. Blaise, aliyebeba kikapu cha mayai, alitembea upande wa pili wa barabara. Mlango kwa mlango Galdric aliuliza swali lake, na watu walijibu "imbeni" huku wakimtazama kidogo kuliko kawaida.

Walipomaliza parokia, Firmin, aliyekuwa anachechemea na fimbo, alisema, "Na Cyprien? Siku hizi yuko kule stesheni."

"Ghorofa ya sita," alisema Blaise. "Tumwimbie nani kule, lifti?"

"Bibi yake alitupa mayai maisha yake yote," alisema Firmin. "Tunakwenda."

Lile jengo lilikuwa la vioo na saruji, na mlango wake haukuwa na kizingiti, wala pete ya kugongea. Kulikuwa na ubao wa majina na vitufe. Waimbaji walisimama kwenye lami na kofia zao nyekundu, na mwanamke mmoja aliyetoka na mbwa akawaomba wampishe. Galdric alikitafuta kitufe cha Batlle. Akabonyeza.

Spika ilikwaruza. Hakuna aliyesema kitu, lakini ilikuwa wazi kwamba mtu yupo upande wa pili.

"Tuimbe au tusali?" Galdric aliuliza.

"Nani anauliza?"

"Ni mimi. Galdric."

Spika ilinguruma polepole, kwa muda mrefu. Firmin akainamisha kichwa.

"Salini," ilisema sauti ya Cyprien.

Waimbaji walitazamana. "Nani kafa?" mmoja alinong'ona. "Huyu hana mtu zaidi ya yule kijana." Mmoja baada ya mwingine wakavua kofia. Desturi inamtaka muulizaji aulize jina, na Galdric akauliza.

"Tumwombee nani, ndugu?"

"Rafel. Mwanangu. Hajafa, msishtuke. Mnajua alipo. Msilojua ni kwamba mimi ndiye niliyewaita polisi." Sauti ilitoka bapa, yenye mikwaruzo, kama ya mtu anayesoma. "Blaise yupo hapo?"

Blaise alisogea karibu na ubao. "Nipo."

"Nasikia sokoni umeambiwa ni uongo. Si uongo. Galdric alisema kweli Ijumaa, akasema uongo Jumamosi. Mimi sitaki kufunikwa na uongo wake."

Galdric alishika ukuta.

"Jana nilipanda basi la kwanza," Cyprien aliendelea. "Nilijua mtaa utamfikishia. Nikaona afadhali alisikie kwangu. Nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, kama baba yake wa ubatizo alijua. Nikasema alijua. Akasimama, akamwita askari, akaomba arudishwe ndani. Amesema nisirudi." Mkwaruzo. "Basi, salini."

Kuanza sala kulikuwa juu ya muulizaji. Galdric alifungua kinywa. "Baba yetu," alisema, na "uliye mbinguni," na sauti ile nzuri, iliyojaza makanisa na vichochoro, ikaishia hapo. Alisimama kinywa wazi mbele ya ubao wa vitufe, machozi yakimshuka hadi kwenye kola.

Aliyeichukua sala alikuwa Blaise. Aliweka kikapu chini kwenye lami, akaishika kofia kifuani kwa mikono yake mikubwa, akaendelea pale ilipokatika, na wengine wakamfuata. Walisali Baba Yetu na Salamu Maria mpaka mwisho, na kutoka kwenye spika, nyuma yao kidogo, sauti nyingine ilisali nao.

Kisha spika ikazimika. Walidhani imekwisha. Firmin alikuwa ameinama kuokota fimbo yake wakati lifti ilipofunguka ndani ya vioo, na Cyprien akatoka na bakuli. Alikuwa hajanyoa. Alipanga mayai ndani ya kikapu moja moja, kwa uangalifu, ili yasigongane.

"Cyprien," Blaise alisema, "yale ya nyumba, ya bibi. Mimi..."

"Najua, Blaise. Nilikuwa mbele yako."

Blaise aliutazama mkono wake usiokuwa na la kufanya, akautia mfukoni.

Cyprien alimgeukia Galdric. Hakuwa na hasira usoni, na Galdric angeipokea hasira kwa shukrani.

"Kibali chako cha gerezani bado unacho?"

"Ninacho."

"Ulikitumia mara moja."

"Mara moja," alisema Galdric.

"Jumamosi ijayo nenda wewe. Sijui kama atakubali kutoka. Akikubali, usinitetee. Usijitetee. Usimweleze kitu. Keti tu pale, muda ukiisha uondoke. Jumamosi inayofuata rudi tena." Alilishika bakuli tupu kwa mikono miwili. "Unaweza kunyamaza, Galdric?"

Galdric alitaka kusema kwamba anaweza, kwamba ataapa, kwamba safari hii... Maneno yalimjia yote, mazuri, yamepangwa. Aliyaacha. Akaitikia kwa kichwa.

Cyprien akarudi ndani, na lifti ikampandisha.

Ilibaki nyumba moja tu kabla ya kurudi, ya mjane wa seremala, pembeni ya barabara ya reli. Waimbaji walipofika mlangoni walimgeukia Galdric kwa mazoea. Alikuwa amekiokota kikapu cha mayai na kukikumbatia kwa mikono miwili, na alitikisa kichwa.

Blaise akajikohoza, akagonga mlango, akauliza.